Nilitoka Edani Kufufua Seva, Wakanichukulia Mwanangu

Nina miaka thelathini na tatu. Ni mjane, ni mama wa mtoto mmoja ambaye silali naye nyumba moja, na ni fundi wa kompyuta, ingawa kwa sasa hata ajira sina. Nimezaliwa kijiji cha Mkongo, nimeolewa na kufiwa Kibiti. Msiniharakishie huruma, wasomaji wenzangu... Someni kwanza mpaka mwisho, kisha mwamue wenyewe nani wa kulaumiwa.

Mume wangu Shabani alikuwa fundi wa kupaua nyumba. Asubuhi moja aliondoka mzima kabisa, akinitania kwamba chai yangu siku hizi kavu kama majibu yangu. Kabla ya adhuhuri nikaletewa habari kuwa ameanguka kutoka kwenye kenchi. Nilikuwa kazini, kwenye hospitali binafsi hapahapa Kibiti, na ndiko walikomleta. Nilishuka ngazi mbiombio. Nilipofika alikuwa ameshafunikwa shuka.

Ya msiba siyaelezi. Aliyefiwa anayajua, na ambaye hajafiwa, Mungu amcheleweshee.

Watu wa Shabani ni wa visiwani, huko delta, mto unakoingia baharini. Ni wakata boriti na wakulima wa mpunga, watu wa dini na watu wa mila, na hawapendi kimoja kati ya hivyo viwili kiguswe. Matanga yalipokwisha, kaka yake mkubwa, shemeji Hamisi, aliniita mbele ya mama yao akaniambia bila kupindisha maneno.

"Shemeji, mkalie ndugu yangu eda kwa heshima, humu humu ndani mwake. Miezi minne na siku kumi. Ukitoka salama, Nasra wako, na mchele tutakuletea mpaka akue. Ukituaibisha, mtoto tunamrudisha kwao."

Nasra ndiye binti yangu. Wakati huo alikuwa na miaka sita, ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza, hata sare bado inamvaa yeye badala ya yeye kuivaa. Nikasema nimekubali. Ningekataaje? Nilikuwa nimeshampoteza mmoja, na huyu ndiye aliyebaki.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanaidi, akahamia kwangu ili akae nami. Nataka mjue kwamba yule mama hakuwa mbaya. Watu wakisikia mama mkwe huanza kunoa visu... lakini huyu alinipikia uji, alinisuka, usiku nilipolia alikuwa akinisomea mpaka nilale. Masharti yake yalikuwa yaleyale ya kila mjane wa pwani. Nisijipake manukato, nisivae nguo za kung'aa, nisivuke kizingiti bila sababu, nisizungumze na mwanamume asiye maharimu wangu.

Palikuwa na tatizo la simu. Nilimweleza kwamba kazini wanaweza kunihitaji. Akaitazama ile simu, kisha akasema, "Zungumza na wanawake wenzio. Sauti ya mwanamume mgeni isiingie humu, mwanangu. Watu watasema."

Nikaona ni sawa. Kazini tulikuwa mafundi wawili tu, na mwenzangu alikuwa mwanamke. Aliitwa Zaituni.

Zaituni nilimtoa mwenyewe kwao Ngarambe. Alikuwa amemaliza cheti cha kompyuta, hana pa kwenda, nikamwombea kazi kwa meneja. Nikamfundisha kila ninachokijua. Akaniita dada, na kwa kweli nilikuwa dada. Kwenye msiba wa Shabani yeye ndiye aliyesimamia jiko, akawa anapokea simu za shemeji zangu kuuliza watu wa kulala ni wangapi. Kama kuna mtu ningemkabidhi roho yangu baada ya mume wangu, ni Zaituni.

Sasa ngoja niwaeleze kidogo kuhusu seva ya hospitali, maana bila hiyo hamtaona nilivyoponzeka. Ilikuwa mashine moja ya chuma, ndani ya chumba kidogo chenye kiyoyozi. Lakini ndani ya mashine hiyo moja tulikuwa tumeunda mashine pepe tano, yaani kompyuta ambazo huwezi kuzishika kwa mkono ila zinafanya kazi kama kompyuta kamili. Moja ya mapokezi, moja ya maabara, moja ya dawa, na nyingine mbili. Ni nyumba moja yenye wapangaji watano. Kila mmoja anajiona ana kwake, kumbe wote wanakanyaga sakafu moja. Sakafu ikibomoka, hakuna wa kumcheka mwenzake.

Mwezi wa pili wa eda, sakafu ikaanza kubomoka.

Zaituni alinipigia akihema. "Dada, mfumo uko chini. Wote! Mapokezi wanapiga kelele, maabara wanapiga kelele..." Akanitumia picha. Ilikuwa ya kioo kilichogeuka buluu, na kile kijiuso cha huzuni ambacho mafundi wote tunakichukia. Chini picha ilikuwa imekatwa. Sikulitilia maanani, nikamwambia aizime na kuiwasha upya. Ikarudi.

Kesho yake ikaanguka tena. Na keshokutwa.

Nikaanza na umeme, kwa sababu umeme wetu mnaujua. Nikamwambia ahamishe nyaya, apime betri za akiba. Ikakaa kidogo, ikaanguka. Nikahamia kwenye joto. Akapuliza vumbi, akashusha kiyoyozi mpaka akaniambia anatetemeka. Ikaanguka! Nikamwambia achomoe vibao vya RAM, yaani kumbukumbu ya mashine, kimoja kimoja, aijaribu na kila kimoja peke yake. Kazi hiyo ilituchukua siku nzima, yeye kule, mimi huku nimekaa kwenye mkeka na shuka yangu nyeupe, natibu mgonjwa nisiyemwona. Jioni akaniandikia kwamba imesimama. Asubuhi ikaanguka.

Kule hospitali nako watu wakaanza kutafuta sababu zao. Mtu mmoja wa ofisini akaja na chetezo na ubani, akataka kufukiza chumba cha seva! Niliposikia nilipiga kelele mpaka mama mkwe akaja kuniangalia. Moshi kwenye mashine gonjwa? Si bora wangemwaga na maji kabisa? Wengine wakasema ni nuksi ya mjane, kwamba mimi niko edani na bado naishika mashine ya watu kwa njia ya simu, ndiyo maana inazirai. Hilo liliniuma. Nililia, kisha nikakasirika, na mimi nikikasirika akili hunijia.

Nikamuuliza Zaituni swali ambalo ningepaswa kumuuliza siku ya kwanza. Inaanguka wakati gani hasa? Akasema asubuhi maabara wakianza kazi, na alasiri anapochukua nakala za akiba.

Mnaona? Asubuhi wapangaji wote wanaandika kwenye diski kwa pamoja. Alasiri, wakati wa nakala, diski inasomwa na kuandikwa bila kupumzika. Mashine ilipokuwa imetulia, ilisimama. Ilipoanza kusukumana na diski zake, ilikufa. Kwa hiyo haikuwa umeme, haikuwa joto wala jini. Ugonjwa ulikuwa kwenye ile njia kati ya mashine na diski, na mlinzi wa njia hiyo ni programu ndogo tunayoiita draiva. Bila draiva nzuri, mashine na diski ni kama mtu na mkewe walionuniana.

"Zaituni," nikamwambia, "kabla haijaanza vituko hivi, ulibadilisha chochote? Uliingiza draiva mpya ya diski?"

"Wallahi dada, sijagusa kitu."

"Hata kidogo?"

"Wallahi."

Nikamwamini. Alikuwa ameapa! Na mimi sikuwa na macho mengine kule zaidi ya macho yake. Nilimwomba anipigie picha ya kioo kizima, mpaka chini kabisa, kwa sababu pale chini mashine huandika jina la faili lililoiangusha. Akasema amechelewa, ameshaiwasha. Mara ya pili akasema simu imeisha chaji. Mara ya tatu picha ikaja, imekatwa tena.

Wasomaji wenzangu, mnajiuliza kwa nini sikumpigia meneja nikamwambia aniangalizie yeye. Meneja ni mwanamume. Ningemsikiliza kupitia wapi, na mama mkwe amekaa mlangoni anachambua mchele? Na kumwandikia nako ni kuzungumza naye. Hivyo kila nililolijua kuhusu seva ile lilipita kwenye mdomo wa mtu mmoja. Na kila ambalo meneja alilijua kuhusu mimi, lilipita kwenye mdomo huohuo. Mimi nilidhani nalinda heshima yangu...

Siku iliyoniangamiza, Bi Mwanaidi alikuwa amekwenda Nyamwage kumpa pole ndugu yake aliyefiwa na mjukuu. Aliondoka asubuhi na akasema atarudi kabla ya magharibi. Shemeji Hamisi alikuwa mjini, ameleta mchele wa kuuza sokoni. Nasra alikuwa shule. Nilikuwa peke yangu ndani.

Zaituni akaja mwenyewe. Alikuwa analia machozi ya kweli, mpaka leo naamini yalikuwa ya kweli. Akaniambia meneja ameita wataalamu kutoka Dar es Salaam na wameshasema watafuta kila kitu waanze upya. Kumbukumbu za wagonjwa zote zingepotea. Akanieleza habari ya mama mjamzito wa kwetu Mkongo ambaye majibu yake ya damu yalipotea mfumo ulipoanguka, akachomwa upya, yakapotea tena, na sasa amepelekwa kwingine huku hali yake si nzuri.

"Njoo dada, nusu saa tu. Wewe ukiiona utajua."

Nikamwambia ngoja nimpigie mama mkwe.

"Dada, usimwambie! Atamwambia Hamisi, Hamisi atataka kikao, na kikao cha watu wa visiwani unakijua. Wataamua keshokutwa, seva imeshafutwa. Hapa ni kwenda na kurudi, hakuna atakayejua."

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Shehe wetu alikuwa ameshanieleza, siku za mwanzo kabisa, kwamba mjane akiwa na haja ya lazima anaweza kutoka mchana akarudi kulala nyumbani kwake. Alichosisitiza ni kutoka kwa stara na wenye nyumba wajue. Ruhusa nilikuwa nayo! Kilichobaki ni kusema tu. Nilishika simu, nikatafuta jina la mama mkwe, nikaliona. Halafu nikaiweka simu chini.

Nikavaa baibui na nikabu. Tukatokea uani, tukapita kwenye mikorosho, tukapanda bajaji.

Chumba cha seva kilikuwa vilevile, kile kibaridi na ule mvumo wa feni. Meneja alikuwa mle ndani, mtu mzima, ana wajukuu. Alinipa pole ya mume wangu kwa mbali bila kunikazia macho. Mlango ukafungwa ili baridi isitoke, kama tulivyofanya siku zote. Nikavua nikabu, kwa sababu huwezi kusoma maandishi madogo ya kioo ukiwa umezibwa uso.

Nikaiwasha. Wapangaji wote watano wakaamka. Nikawaambia maabara waanze kuingiza majibu, na mimi nikaanzisha nakala za akiba kwa makusudi. Nilitaka ianguke mbele ya macho yangu.

Ikaanguka!

Na kwa mara ya kwanza nikaona kioo kizima. Chini kabisa paliandikwa jina la faili. Lilikuwa la draiva ya diski, lakini si ile niliyoiweka mimi. Toleo jipya. Mtu alikuwa amelipakua mtandaoni na kulipachika juu ya lile la zamani, wakati kadi inayounganisha diski zetu na mashine ni ya zamani na haikubaliani nalo.

Nikageuka. Zaituni alikuwa anatazama sakafu.

Laiti ningemeza mate nikanyamaza! Ningeitengeneza kwanza, yeye nikamvuta pembeni baadaye. Lakini mimi mdomo wangu haujui subira, hata marehemu alikuwa akiniambia. Nikamgeukia mbele ya meneja. Nikamwambia ameapa uongo kwa jina la Mungu. Nikamwambia wagonjwa wanachomwa sindano mara mbili kwa ujinga wake. Nikamwambia nilimtoa Ngarambe hajui hata kuwasha printa, na kwamba kama si mimi angekuwa bado anafukuza nguruwe pori shambani kwa baba yake.

Hakujitetea. Alisema tu, "Nilitaka iwe na kasi, dada. Watu walikuwa wanalalamika, na wewe hukuwepo... nikaogopa kukwambia."

Akatoka. Mimi nikadhani amekwenda chooni kulia.

Nikainama kazini. Nikaiwasha mashine kwa ile hali ya tahadhari ambayo haibebi vitu vingi, nikaing'oa draiva mpya, nikairudisha ya zamani. Nikawaamsha wapangaji mmoja mmoja. Nikawaambia maabara waandike kwa nguvu zote. Nikaanzisha nakala za akiba, na juu yake nikahamisha mafaili makubwa ya picha za eksirei, ili kama ni kufa ife sasa hivi. Tukasubiri. Meneja alikuwa amekunja mikono anasoma dua kwa midomo.

Haikuanguka. Nakala zikafika mwisho. Simu ya ndani ikalia, maabara wanasema majibu yanaingia kama maji.

Nikacheka. Wasomaji wenzangu, nilicheka! Tangu Shabani azikwe sikuwa nimecheka hata mara moja, na sijui kicheko kile kilitoka wapi. Meneja naye akacheka kwa kunusurika. Mtandio wangu ulikuwa umeshuka mabegani, sikuwa nimegundua.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa shemeji Hamisi.

Baadaye nilijua kwamba Zaituni hakwenda chooni. Alikwenda nyuma ya jengo, akampigia Hamisi, namba yake alikuwa nayo tangu msibani. Alimwambia mjane wenu hayuko ndani, amejifungia chumbani na mwanamume. Hakusema uongo, si ndiyo? Kila neno lilikuwa kweli.

Hamisi hakupiga kelele. Alinitazama mimi, akamtazama meneja, akatazama zile taa za mashine zinavyomeremeta. Kisha akasema, "Hata udongo wa kaburi haujashikana, shemeji."

Nilieleza. Nilieleza mpaka sauti ikakauka. Meneja alieleza. Nani atamweleza mkata boriti habari ya draiva ya diski akaelewa, wakati ameshaona kwa macho yake mke wa ndugu yake anacheka kichwa wazi?

Mama mkwe aliporudi kutoka Nyamwage alikuta wazee wameshajaa barazani. Aliwasikiliza wote bila kuniangalia. Shehe naye aliitwa, na Mungu ambariki yule mzee, alisema wazi kwamba kutoka mchana kwa haja hakuvunji eda. Hamisi akamjibu, "Shehe, haja haipiti uani." Njia ya uani nilikuwa nimemtajia mwenyewe nilipojieleza.

Bi Mwanaidi akaingia chumbani kwa Nasra. Nilimsikia anakunja nguo. Mwanangu alikuwa anamuuliza bibi tunakwenda wapi, na mama anakuja? Bibi akamwambia mama anakaa eda ya baba. Nilimshika mtoto, nikamkumbatia, nikalia kama kichaa mbele ya wazee wa watu. Alitolewa mikononi mwangu taratibu, kidole kimoja kimoja, na yuleyule mama aliyekuwa akinisuka nywele.

Nilimaliza eda peke yangu. Nilikaa siku zote zilizobaki, sikuvuka kizingiti hata kuchota maji, nani aje kunisifu? Siku ya kutoka, shangazi yangu kutoka Mkongo ndiye aliyekuja kunikosha. Hakuna hata mtu mmoja wa upande wa marehemu aliyetia mguu.

Kazini nilikuta maneno yameshanitangulia. Mke wa meneja alikuwa amesikia, mji mzima ulikuwa umesikia. Meneja aliniita akiwa ameacha mlango wazi kabisa, watu wote wanatuona. Akanishukuru kwa seva, akasema kwa heshima yangu na yake ni bora nipumzike. Akasema pia kwamba hospitali haiwezi kubaki bila fundi, kwa hiyo Zaituni atashika nafasi yangu. Alijua kila kitu! Alisikia kwa masikio yake pale chumbani. Lakini mtu akiogopa maneno ya watu, ukweli humlemea mkononi akautupa.

Seva haijaanguka tena. Naambiwa inakwenda vizuri.

Zaituni alinijia mara moja tu. Alisimama nje ya mlango, akasema alikuwa na hasira, hakujua kama watamchukua mtoto. Alidhani nitasemwa tu. Nilitaka kumrukia. Lakini niliyakumbuka maneno niliyomwambia mbele ya mkubwa wake, nikaona aibu yake ile siku, nikafunga mlango bila kumtukana. Kumsamehe sijamsamehe. Niombeeni.

Kisha nikaenda kumfuata mwanangu. Nilipanda boti pale Nyamisati, tukaingia kwenye ile mito inayogawanyika ndani ya mikoko mpaka usijue umetokea wapi. Bi Mwanaidi alinipokea vizuri. Alinipa maji, akanitandikia mkeka, akaniwekea wali na kamba. Nasra alikuja mbio akaniangukia kifuani. Alikuwa mweusi kwa jua, ana magamba ya kamba kwenye vidole, ana jino limeng'oka na mimi sikuwepo lilipong'oka.

Nilimwambia mama mkwe kila kitu, kwa utulivu, kama nilivyowaeleza ninyi. Nilimwomba mtoto wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mwanangu," akasema, "mie kompyuta siijui. Lakini mgonjwa namjua. Siku ile ungenipigia ukaniambia, mama, hospitali wananihitaji, ningegeuza njia palepale Nyamwage. Ningevaa baibui langu, nikaja kukaa nawe humo chumbani mpaka umalize. Nani angesema neno? Wewe ulinificha. Sasa mie nitamwambia nini Hamisi?"

Wasomaji wenzangu... nilitamani anitukane. Matusi ningeyavumilia.

Nimepeleka shauri langu ustawi wa jamii. Wamenisikiliza vizuri, wameniambia mama ana haki yake, wamemwandikia Hamisi wito. Safari ya kwanza hakuja. Ya pili alikuja na wazee, wakaomba muda. Naambiwa nisubiri, na mimi nasubiri, huku natengeneza simu na kompyuta za watu kwenye kibanda hapa barabarani. Kila nikipata nafasi napanda boti kwenda kumwona.

Safari ya kwanza, nilipokuwa naondoka, Nasra alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Safari ya pili alilia kidogo. Hii ya juzi alinisindikiza mpaka majini, akanipungia mkono, na kabla boti haijakata kona alikuwa ameshageuka anakimbilia kwa wenzake. Hakulia. Kila mtu botini alisema mtoto amezoea, alhamdulillahi. Mimi nilijifunika uso.

Ndiyo maana nimeandika. Wewe unayeshika mashine za watu, ukibadilisha kitu kikaharibika, sema siku hiyohiyo. Utasemwa, utanuniwa, lakini kitapona. Ukificha, mwenzako atahangaika kuchomoa vibao vizima huku ugonjwa umekaa mfukoni mwako. Na wewe unayegundua kosa la mwenzako, mfiche aibu yake walau mpaka mtoke chumbani. Mimi nilishinda ubishi ule, na mnaona nilichoshinda.

Na wewe mwanamke mwenzangu uliye edani, au uliye ndani ya nyumba ya watu kwa masharti yoyote yale, usimhukumu mtu kabla hujamuuliza. Usiambiwe na rafiki kwamba atakataa. Muulize mwenyewe, akatae mwenyewe. Nilikuwa na ruhusa ya shehe, nilikuwa na sababu ya kweli, nilikuwa na simu mkononi na jina lake kwenye kioo. Maneno yenyewe yalikuwa matatu tu. Mama, naitwa kazini.